Paka wa Marehemu Bado Anaita

Wambea wa mtaa ule watakwambia kwamba Mnadi alirogwa na mkewe wa pili. Waache waseme, midomo ni yao. Lakini hawakuwamo ndani ya nyumba ile, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa chumba kimoja na yule paka saa ya jua la utosini. Mambo yenyewe yalianza kwa jambo dogo, dogo kiasi kwamba ungelicheka: paka jike aliita, na hakuna dume aliyekuja.

Mnadi alikuwa mtu wa sauti. Kazi yake ilikuwa kuuza mnadani vitu vya watu walioshindwa kulipa mikopo, makochi, friji, pikipiki, na akisimama juu ya meza yake na kipaza sauti mkononi angeweza kukuuzia shati ulilolivaa na bado ukamshukuru. Mkewe alishona sare za shule barazani, na kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Fundi, mumewe akiwa wa kwanza. Mtu wa tatu ndani ya nyumba alikuwa mama yake Mnadi, mwanamke mwenye maneno makali na machozi ya karibu, aliyechagua chumba kinachotazama barabara ili asipitwe na kitu.

Fundi aliolewa pale baada ya mke wa kwanza kufa kwa homa. Marehemu hakuacha mtoto; alizaa mara moja tu, mtoto akafa, na hakubeba tena. Aliacha nguo, ambazo mama mkwe alizigawa harakaharaka, na paka mmoja jike, mweupe mwenye baka jeusi shingoni, ambaye alikuwa amempa jina la Mwanangu. Jina hilo lilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. "Wenzake wanabeba watoto, yeye anabeba sharubu," mama mkwe alikuwa akisema mbele ya wageni. Wageni walicheka, marehemu alikwenda kuoga, na Mnadi, ambaye hakuwahi kukosa neno la kumjibu mtu, alitazama sahani yake. Haya yote Fundi alihadithiwa na mama mkwe mwenyewe, kama utani.

Mwanangu alikuwa hajakatwa, na kama paka jike yeyote wa namna hiyo, kila baada ya muda joto lilimpanda. Hapo ilikuwa kelele juu ya kelele. Madume ya mtaa yalijaa ukutani, yakapigana, yakakojolea mlango, na nyumba nzima ikanuka. Siku moja Mnadi alirusha kiatu dirishani, akakikosa hata kiatu chenyewe asubuhi yake, akasema: "Nampeleka akakatwe. Yaishe."

Fundi hakuona ubaya. Daktari wa mifugo alikuwa amemweleza zamani kwamba paka jike akitolewa kizazi huishi kwa utulivu na magonjwa mengi humwepuka. Mnadi alimpeleka mwenyewe, ndani ya kapu la nguo chafu, na jioni akamrudisha amelewa dawa, tumbo limenyolewa, mshono mfupi umepakwa dawa ya zambarau. Fundi alimtandikia kitambaa chini ya cherehani. Alipomgusa kichwa, paka hakumtazama yeye. Alimtazama Mnadi, akamkodolea macho hivyohivyo bila kupepesa, mpaka Mnadi akakumbuka kwamba ana haja ya kwenda dukani kununua vocha.

Mshono ulipona vizuri. Nyuzi zilitolewa, manyoya yakaanza kurudi. Ndipo mchana mmoja, Fundi akiwa anatia zipu kwenye sketi, akasikia mlio anaoufahamu ukitoka bafuni.

Alikwenda kutazama. Mwanangu alikuwa kwenye sakafu ya saruji, kifua chini, makalio juu, mkia umesogea upande, miguu ya nyuma ikikanyagakanyaga kama mtu anayeponda udongo. Alijigaragaza, akasugua shavu kwenye ukuta chini ya bomba, akaita tena. Ilikuwa ni joto, na hakuna mtu aliyefuga paka ambaye angekosea.

"Wewe si umekatwa?" Fundi alimuuliza, akicheka. Kisha akatoka uani kuyafukuza madume kabla hayajaharibu nguo kwenye kamba.

Hakukuwa na dume. Yule mwekundu mwenye sikio lililochanika, mbabe wa mtaa, alikuwa amelala juu ya ukuta wa jirani. Mlio ulipotoka tena bafuni, aliinuka, manyoya yakamsimama mgongoni, akarukia upande wa pili na kukimbia.

Daktari wa mifugo, kijana mtulivu mwenye mikono iliyojaa alama za kucha, hakushtuka alipoelezwa. "Hutokea," alisema. "Wengine hubaki na joto wiki kadhaa, maana homoni bado zinazunguka kwenye damu. Na wachache, kuna kipande cha ovari kinasalia tumboni. Hata kiwe kama punje ya mchele, kinatosha kumwasha. Tusubiri. Likiendelea, nitamfungua tena nitafute."

Walisubiri, na joto halikupungua. Liliacha tabia ya majike wote, ambao huwaka siku chache na kupoa. Hili lilikuja kila siku jua likifika katikati ya mbingu, likakoma kivuli kikianza kurefuka. Pamoja nalo ikaja harufu. Mwanzoni Fundi alidhani ni bomba la maji machafu. Kisha siku moja akainama kuokota sabuni na harufu ikampanda puani waziwazi, na akaitambua, kwa maana alikuwa amemuuguza dada yake alipojifungua: dawa ya kusafishia wodi, damu, na chini yake harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo.

Alikuwa na sababu ya kuogopa harufu hiyo. Mimba yake ilikuwa changa, na aliyejua ni mumewe peke yake.

Daktari alimfungua paka mara ya pili. Fundi aliketi kwenye benchi la nje akisubiri, na akagundua kwamba mbwa waliofungiwa nyuma ya zahanati, waliokuwa wakibweka alipofika, wote walikuwa wamenyamaza. Daktari alitoka akiwa bado amevaa glavu.

"Hamna kitu," alisema. "Nimetafuta mpaka nyuma ya figo. Ni msafi kabisa. Na kipimo cha damu nacho kinasema hana homoni hata ya kumtosha panya." Akavua glavu polepole. "Mama, nikuulize. Akiita, wewe unasikia nini?"

"Nasikia paka."

"Alianza kuita nikiwa nimemlaza mezani, dawa ya usingizi imeshamwingia sawasawa. Hakutikisika hata sharubu. Lakini mlio ulitoka." Akazitupa glavu kwenye ndoo. "Sijui wewe. Mimi nilisikia neno."

Fundi hakumuuliza neno gani. Alibeba kapu akarudi nyumbani, na njia nzima alijiambia kwamba madaktari vijana hulala kidogo na kufanya kazi nyingi.

Siku iliyofuata mama mkwe alikuwa ametoka na Mnadi alikuwa kazini. Jua lilipanda, mtaa ukatulia, watu wakajifungia kwenye vivuli vyao. Fundi alikuwa akishona kola. Mlio ulianza, na safari hii, kwa kuwa daktari alishamtia jambo masikioni, aliusikia ulivyo. Haukuwa nyau. Ulianza puani, ukavutwa, ukapanda, ukafunguka mwishoni kama kinywa cha mtu anayelia: Niaaambie. Ukakatika. Niaaambie.

Kisha bomba la bafuni likafunguliwa.

Aliacha cherehani. Alijiambia ni mama mkwe amerudi kwa mlango wa nyuma, ingawa mlango wa nyuma ulikuwa na komeo na komeo alikuwa amelitia yeye, na akatembea ukumbini akigusa ukuta kwa kiganja, na kadiri alivyokaribia maji yaliendelea kuchuruzika ndani ya ndoo na chini ya maji hayo, kama mtu anavyozungumza chini ya kelele ya bomba ili asisikike, palikuwa na kwikwi, ndogo, ya mwanamke, kwikwi ya mtu aliyezoea kulia kimya mpaka akawa fundi wa kulia kimya, na Fundi alipousukuma mlango kwa ncha ya kidole akamwona Mwanangu amelala chali juu ya sakafu yenye maji, mshono mpya unang'aa, macho yamefumbwa nusu kwa raha, na manyoya ya tumbo lake yakilala na kuinuka, yakilala na kuinuka, kutoka kifuani hadi mapajani, kama yanavyolala manyoya ya paka anayepapaswa na mkono mpana, na mkono haukuwapo.

Bomba likajifunga. Manyoya yakatulia. Paka akafumbua macho, akayainua juu, juu kuliko kichwa cha Fundi, akimtazama mtu aliyesimama kati yao.

"Wewe sina neno nawe," sauti ilisema, karibu kabisa na shavu lake, na pumzi yake ilikuwa ya moto. "Mwambie mumeo aje."

Mama mkwe alimkuta amekaa barabarani kwenye vumbi, bila viatu, ameshika kola ya shule.

Jioni walizungumza watatu, kwa sauti za chini, mlango wa ukumbi umefungwa. Fundi aliwaeleza yote, na ya mimba pia. Mama mkwe alipiga goti lake kwa kiganja.

"Si nilijua? Ni yule. Alikuwa mti mkavu, amekufa mti mkavu, sasa anaionea kijicho mimba ya mwenzake."

"Mama, yaache hayo," Mnadi alisema.

"Niache nini? Mjukuu wangu aje adhuriwe?"

"Paka nitamtupa kesho. Mbali."

"Hakuniambia paka atupwe," Fundi alisema. "Amesema uende wewe. Kwa nini wewe?"

Mnadi alijaribu kucheka. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Labda anataka kodi." Hakuna aliyecheka naye, na Fundi aliona kwamba mumewe, ambaye midomo yake haikukauka hata akinadi kutwa nzima juani, alikuwa akiilamba.

Kesho yake mama mkwe alimleta mganga. Alikuwa mkata vioo, mtu mfupi mwenye vidole vilivyofungwa plasta, na majini alikuwa akiyatibu wakati wa mapumziko ya dukani. Alikuja na mtungi wa maji na ubani kwenye mfuko wa sukari. Alimtazama paka, akainusa hewa ya bafuni, akatingisha kichwa.

"Huyu si marehemu," alisema. "Aliyekufa amepumzika. Huyu ni jini, tena wa humuhumu. Nitampandisha, nimuulize anataka nini. Akitaka kitu kinachowezekana, mtampa. Ila nawaomba jambo moja. Asidanganye mtu mbele yangu. Mkimdanganya, mimi nachukua mtungi wangu naondoka."

"Atampanda nani?" Mnadi aliuliza.

"Atachagua mwenyewe."

Waliketi ukumbini, mbele ya mlango wa bafuni. Mchana ulikuwa mweupe nje. Ubani ulipowaka, paka alikuja akakaa katikati yao, mkia umezunguka miguu. Mganga alisoma chini kwa chini. Fundi alishika tumbo lake kwa mikono miwili na kusubiri kujisikia akiondoka ndani ya mwili wake.

Lakini aliyepiga mwayo mkubwa, mwayo wa mnyama, alikuwa mama mkwe. Bibi huyo wa kujiheshimu, asiyetoka nje bila kujifunika, aliteleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Alilaza kifua chini. Miguu yake ya kizee ikaanza kukanyagakanyaga. Alikwenda kwa mikono na magoti hadi kwenye mwimo wa mlango, akasugua shavu lake pale, upande mmoja, upande wa pili, na kilio kikatoka kooni mwake, kirefu, kile kile cha mchana. Mnadi alifunika macho.

"Fumbua," sauti ilisema. Ilikuwa sauti tulivu, ya kina, isiyo na umri, na ilitoka kwenye mdomo uleule uliokuwa ukiwachekesha wageni. "Nimekupandia mama yako ili usije ukasema hukusikia."

"Wewe ni nani?" mganga aliuliza.

"Mkaazi. Nilikuwa hapa kabla nyumba haijaezekwa, sikumsumbua mtu. Akaja mke wake wa kwanza. Kila akitukanwa pale ukumbini alikuja kwangu, akafungua bomba ili msimsikie. Mimi nilimsikia. Nilimsikia miaka. Hakuna mtu aliyewahi kunifanya msiri, naye hakujua kama amenifanya."

"Unataka nini kwa watu hawa?"

"Nataka huyu aseme."

"Niseme nini?" Mnadi alisema, na sauti yake nzuri ilipasuka katikati.

"Sema ulivyomfanya mke wako siku aliyozaa mtoto aliyekufa. Alikuwa amelala, dawa zimemlaza. Daktari akakuita pembeni, akakwambia akibeba tena atakufa, afungwe kizazi? Ukasema, mfungeni. Hilo sikulaumu. Akakwambia, akiamka mweleze. Ukasema, nitamweleza." Mama mkwe alicheka kwa koo la mwingine. "Akaamka. Akakuuliza, nitapata mwingine? Ukamwambia, utapata. Akaanza kunywa mizizi. Akaanza kufunga, kuomba, kutembea kwa waganga wa uongo na wa kweli. Huyu mama yako akamwita mti mkavu, na wewe ulikuwepo, na sahani yako ilikuwa mbele yako."

Moshi wa ubani ulisimama wima. Fundi alimgeukia mumewe.

"Umejuaje?" Mnadi alinong'ona, halafu akajua alichokisema, akaongeza harakaharaka, "Yaani, umeyatoa wapi mambo haya ya uongo?"

"Na wewe uliwahi kufungua bomba hilohilo. Ulijifungia ukaongea na daktari wako kwa simu. Ulimuuliza kama mizizi ya mkeo inaweza kufungua alichofunga yeye. Akacheka, nawe ukacheka. Mimi nilikuwa begani kwako." Kiganja cha kizee kikanyooka, kikampapasa Mwanangu kutoka kifuani hadi mapajani. "Akafa akiamini mwili wake ndio mkosaji. Mtoto wake akabaki huyu. Ukamchukua na huyu kwenye kapu, ukamlaza, ukamkata. Ndipo nikasema sasa imetosha. Mlichukua kizazi, mimi nikamrudishia sauti. Aulize mpaka ajibiwe."

"Basi amwambie tu," mganga alisema, akimgeukia Mnadi kwa upole. "Kama ni kweli, baba, sema. Mbele ya mama yako hapa. Kisha uende ukaseme mbele ya mama wa marehemu. Ni jambo dogo kuliko yote niliyowahi kudaiwa na jini."

Mnadi alisimama. Alitazama umbo la mama yake sakafuni, nywele za mvi zimetapakaa, akamtazama mkewe, na Fundi aliona akichagua. Aliona kabisa, kama anavyomwona mteja akiamua kitambaa. Aliona akivuta pumzi ya kazini, pumzi ya mezani, na uso wake ukachukua ule unyoofu aliouzoea kwenye mnada wakati anapokuapia kwamba friji haina hitilafu.

"Mama," alisema, "ukiamka ujue kwamba jini huyu ni mwongo. Marehemu alikauka mwenyewe baada ya mtoto yule kufa. Mimi sikumfanya kitu."

Mganga aliinama akachukua mtungi wake.

"Mkewe," jini alisema. "Wewe ndiye umekaa kwenye kiti chake. Una neno la kumwombea?"

Wote wakamtazama Fundi. Mnadi alimwomba kwa macho. Angeweza kusema lolote, angeweza kulia, kupiga magoti, kutaja mimba. Alimfikiria mwanamke asiyemjua, akinywa mizizi mezani pale pale, akitapika, akirudi kunywa. Aliteremsha macho akatazama kidole chake kilichochomwa na sindano, akanyamaza.

"Basi," jini alimwambia Mnadi, bila hasira. "Mdomo wako, kama hauwezi kusema hilo, hautasema lingine."

Mama mkwe alianguka kifudifudi. Paka akapiga mwayo, akajilamba mguu, akaenda kulala chini ya cherehani kama paka yeyote, na harufu ya wodi ikatoka nyumbani kama vile mtu amefungua dirisha.

Mnadi alifurahi kupita kiasi. Chakula cha usiku kilipoandaliwa alikuwa akiimba. "Mmeona? Kapayuka kaenda zake." Mama yake hakuja mezani. Alikuwa kitandani, uso ukutani, na Fundi alipompelekea uji alimshika mkono.

"Nakumbuka kila neno," alisema mama mkwe. "Ulikuwa mdomo wangu, mwanangu. Nilikuwa nikimwita nani yule mtoto wa watu? Nilikuwa nikimwita nani?" Hakuuliza kama ni kweli. Alimzaa Mnadi, alimjua.

Fundi naye alimuuliza mumewe mara moja tu, walipokuwa peke yao.

"Mimi nikienda kujifungua, nani ataamua kinachokatwa?"

"Siku hizi jini anaaminiwa kuliko mume?" Mnadi alimshika bega. "Kesho tuna mnada mkubwa. Kuna cherehani za kiwandani, zile unazozitaka. Njoo uchague moja, nitaigongea nyundo kwa jina lako. Tusahau haya."

Alikwenda. Hakwenda kwa ajili ya cherehani. Alitaka kumwona mumewe akiongea.

Uwanja wa mnada ulijaa. Vitu vilipangwa juani kwa mistari, vitanda, viti vya saluni, friji zenye kutu. Watu walikuwa wamekuja nusu kununua na nusu kumsikiliza Mnadi, kama kawaida. Alipanda mezani na shati jeupe, akawapungia wafanyabiashara anaowajua, akamtafuta Fundi kwenye umati, akamkonyeza. Akainua kipaza sauti.

Sauti iliyotoka ilianza puani, ikavutwa, ikapanda.

Watu wakacheka, maana Mnadi alikuwa na vituko vingi. Mtu mmoja mbele aliitikia "Nyau." Mnadi akashusha kipaza sauti, akakohoa, akatabasamu, akainua tena. Niaaambie. Spika za pande mbili zilikitupa kilio hicho hadi barabarani. Kicheko kikapungua, kikabaki cha watu wachache wa nyuma ambao hawakuwa wakimwona uso. Waliokuwa mbele waliona macho yake, jinsi yalivyotoka, na jasho lililokuwa likimtiririka, na mkono wa kushoto ukiushika mdomo wake mwenyewe na kuufinya, na kilio kikipita katikati ya vidole.

Halafu paka wakaja. Yule mwekundu wa sikio lililochanika alitangulia, akipita kati ya miguu ya watu bila kuogopa mtu, na nyuma yake wengine, weusi, wa madoa, wa majalalani, wenye jicho moja, wakishuka kutoka kwenye mapaa na kuruka ukuta wa uwanja, wakijipenyeza chini ya vitanda vya mnada, wakikojolea friji na makochi, wakipigana na kupanda juu ya meza, na juu ya meza hiyo mtu mzima mwenye shati jeupe alikuwa amekwisha kushuka kwa magoti, kisha kwa kifua, akisugua shavu lake kwenye mbao, upande mmoja, upande wa pili, na kila alipojaribu kusema mniondolee, nisaidieni, mke wangu, kilichotoka kilikuwa ni kile kile, na kila alivyoita ndivyo walivyoongezeka.

Fundi hakukimbia, wala hakumkimbilia. Wapagazi wa mnada ndio waliomfunika kwa turubai na kumbeba.

Madaktari wa koo walimtazama, wakasema koo ni zima. Walimpa karatasi na kalamu, na mkono uliandika vizuri majina, tarehe, maombi ya maji, lakini ulipofika kwenye lile moja, alilokuwa sasa tayari kulisema mbele ya dunia nzima, vidole vilikakamaa na kukwaruza karatasi mpaka ikachanika.

Kwa hiyo alisema mama mkwe. Alisafiri hadi kwa mama wa marehemu, akakataa kiti, akaketi kizingitini, akamweleza yote na yake mwenyewe akayatia. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho. Akamwomba arudie tangu mwanzo, polepole. Kisha akainuka, akafunga mlango, na mama mkwe akabaki nje akimsikia akizunguka ndani ya nyumba, akitaja jina la mtoto wake na kumwambia, haikuwa wewe, haikuwa wewe.

Fundi alihamia kwa dada yake na cherehani yake na Mwanangu kwenye kapu. Daktari wa mifugo alimchungulia tena paka, akamkuta amenenepa, mvivu, kimya, mfano wa paka aliyekatwa akapona. Mtoto alizaliwa wa kike. Fundi alipopata nguvu ya kutembea, alimbeba akampeleka kwa bibi yake, kwa kuwa bibi yule hakuwa na mwingine wa kumpelekea furaha.

Alimkuta uani na mganga. Mama mkwe alikuwa amemwita tena. Dirisha la chumba cha Mnadi lilikuwa limezibwa kwa magodoro, na jua lilikuwa limefika utosini, na nyuma ya magodoro kilio kilikuwa kikipanda na kushuka. Mganga alikuwa ameweka sikio mlangoni. Alisikiliza kwa muda, akaondoka pale akijifuta mikono, hakufungua hata mfuko wa ubani.

"Mtoe jini, mwanangu," mama mkwe alimwambia mganga. "Nimeshasema kila mahali. Nimesema hadi kwa mama yake. Mwambie jini aridhike, amtoke."

"Mama," mganga alisema, akachagua maneno yake taratibu, kwa huruma, "jini aliondoka siku ileile. Ndani ya mwanao hamna kitu. Hiyo unayoisikia ni sauti yake mwenyewe."